Kufuli la Nje

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu unayesoma haya, ambayo sisi watoto watatu tulikaa ndani ya nyumba yetu tukiwa tumefungiwa kwa nje, na aliyetoa amri ya kufungwa nilikuwa mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Leo nimeshavuka hamsini, meno mawili yameniaga, lakini baridi ya sakafu ile chini ya magoti yangu ninayo mpaka sasa.

Nianze nyuma kidogo, maana mkulima hapandi kabla ya kutifua. Baba yetu alitangulia kufa, na mama akamfuata baada ya miaka miwili. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikarudi kijijini kwetu, njiani kati ya Njombe na Makambako, kuwalea wadogo zangu. Festo alikuwa na miaka kumi na miwili. Neema alikuwa na miaka mitano, na bado alikuwa akiuliza mama atarudi lini.

Siku ya kuanua matanga, baba mdogo, ndugu wa marehemu baba aliyekuwa akiishi Makambako, alisimama mbele ya ukoo akaniambia, "Yusta, nakupa msimu mmoja. Mvua za kwanza zikishanyesha nitakuja. Nikikuta shamba la mama yenu limepandwa, nitajua unaweza. Nisipolikuta, Festo nitakwenda naye Makambako, Neema atakwenda kwa shangazi yenu Kifanya, na wewe tutakutafutia pa kufanya kazi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayegawa mzigo usije ukamvunja mmoja mgongo. Lakini mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba tutatawanywa. Nilikuwa nimemwahidi mama, nikiwa nimemshika mkono, kwamba watatu tutabaki watatu.

Mwaka ule sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, ilishuka mabondeni mwezi wa saba, ikachoma vinyungu vyote, bustani zetu za bondeni. Asubuhi moja tuliamka tukakuta majani ya viazi yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mahindi ya akiba yaliisha mwezi wa tisa. Kilichobaki ndani kilikuwa gunia moja la viazi vya mbegu, alilolichagua mama kwa mikono yake na kuliweka kando kwa ajili ya mvua.

Hapo ndipo nilipokosea kosa ambalo kwetu ni aibu kubwa. Mlevi husemwa, naye husamehewa. Mvivu huchekwa, na kicheko huisha. Lakini mtu aliyekula mbegu hutajwa hata msibani kwake. Nilianza na vile vidogo, nikijiambia kwamba havingeota vizuri. Kisha nikachukua vya kati. Kila chipukizi nililolivunja niliona kama navunja kidole cha mmoja wa wadogo zangu, lakini nilivunja, nikamenya, nikachemsha, wakala. Kufikia mwezi wa kumi gunia lilikuwa tupu. Nikalikunja, nikalitumia kuziba upenyo wa chini ya mlango, upepo usiingie.

Usidhani nilikuwa nimemwacha Mungu, mwanangu. Kila alfajiri kabla ya kuwasha moto nilipiga magoti. Nilikuwa binti wa sala, na kila mtu alilijua hilo. Lakini ukiniuliza niliomba nini miezi ile, nitakwambia kweli, hata kama inaniumbua. Niliomba jambo moja: "Bwana, watu wasijue."

Kwetu Walutheri wa kilima kile, kila Alhamisi saa kumi jioni majirani walikusanyika kwa sala za jumuiya, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Wataimba, watasoma Neno, na kabla ya kufunga kiongozi atauliza, "Nani ana hitaji la maombi?" Mmoja atasema ng'ombe wake haamki. Mwingine atasema mtoto wake ana mtihani. Ikifika zamu yangu nilijibu siku zote, "Mimi sina hitaji, namshukuru Mungu." Watu walitikisa vichwa kwa kunisifu. Walisema, tazameni mtoto yatima alivyo na imani. Nami, Mungu anisamehe, niliipenda sifa ile. Ilinishibisha mahali ambapo viazi havikufika.

Kisha zamu ya nyumba yetu ikafika.

Jumuiya ikija kwako, haisimami uani. Inaingia, inakaa, na baada ya sala unaipa chai, au uji, au sinia la viazi. Mimi sikuwa na hata kimoja. Wangetazama kona ya mbegu, wangeona patupu. Na habari za kijijini hupanda basi bila nauli. Kabla ya Jumapili zingekuwa zimeshashuka Makambako. Basi nikamwambia Festo afunge mlango kwa nje kwa kufuli, kisha aingie na ufunguo kwa dirisha dogo la nyuma, ambalo mimi nisingepita, tulifunge, tukae kimya. Wangedhani tumesafiri.

"Dada, hiyo siyo kudanganya?" Festo aliuliza.

"Ni kunyamaza tu," nikamjibu. "Kunyamaza siyo dhambi."

Walikuja. Tulisikia miguu yao kwenye nyasi, kisha sauti ya Bibi Anyesi, mjane mzee aliyeongoza jumuiya yetu. "Kamwene," akaita salamu ya kwetu. Hatukuitika. "Kamwene, wenye nyumba." Nikamziba Neema mdomo kwa kiganja. Manyunyu yalikuwa yameanza, na baridi ilikuwa ile inayopenya hadi kwenye mifupa.

"Kuna kufuli," akasema Mzee Kastori, jirani yetu aliyejulikana kwa kupenda chai. "Basi tumekosa na cha kupasha tumbo. Twendeni kwa mwingine."

Hapo Neema akapiga chafya kwenye kiganja changu.

Miguu iliyokuwa imeanza kuondoka ikasimama. Kisha Mzee Kastori akasema taratibu, "Bibi, kufuli limepiga chafya."

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Nilijua sasa watagonga, watauliza, watakasirika. Lakini Bibi Anyesi alisema, "Ratiba inasema leo ni hapa. Basi ni hapa." Akaanzisha wimbo. Wakaimba palepale uani, manyunyu yakiwaangukia, watu wazima kumi na mmoja mbele ya mlango uliofungwa. Wakasoma Neno. Nikasikia mtu akikohoa, mwingine akipigapiga miguu chini apate joto. Hakuna aliyeondoka.

Kisha Bibi Anyesi akauliza kama alivyouliza kila Alhamisi, "Nani ana hitaji la maombi?"

Hakuna aliyejibu. Nadhani walijua swali lile halikuwa lao. Nami nilikuwa nimeondoa mkono wangu mdomoni mwa Neema nijifute macho, na hilo ndilo lililotuokoa, maana mtoto yule alisogea mlangoni akasema kwa sauti yake nyembamba, "Mimi ninalo."

"Sema, mjukuu wangu," Bibi akajibu, kama vile kuongea na mlango ni jambo la kila siku.

"Nataka Dada asilie akiwa anapika. Anasema ni moshi. Lakini hata moto ukizimika analia."

Mwanangu, wewe na wenzako mnaosoma haya mkiwa ndio wakubwa katika nyumba zisizo na wazazi, mnajua nilivyojisikia. Miezi mizima nilikuwa nimejificha kwa Mungu mbinguni na kwa majirani duniani, na mtoto wa miaka mitano alikuwa ananiona wakati wote.

"Yusta," Bibi Anyesi akaita. "Fungua."

"Siwezi, Bibi," nikasema. "Kufuli liko huko nje."

"Na ufunguo?"

"Uko huku ndani."

Nikasikia akishusha pumzi. "Basi wewe huwezi kutoka na sisi hatuwezi kuingia. Nani kati yetu ana akili?" Kisha akalainisha sauti. "Upitishe chini ya mlango."

Nikalivuta lile gunia, nikausukuma ufunguo kwenye upenyo. Niliona vidole vyake vilivyopinda kwa kazi vikiuokota. Kufuli likalia, mlango ukafunguka, na mwanga wa jioni ukaingia pamoja na baridi na watu.

Bibi Anyesi hakuniuliza kitu. Aliinama akaokota gunia pale chini, akalinusa, akatoa chipukizi kavu lililokwama kwenye nyuzi. Mkulima hahitaji kuelezwa. Akanitazama, akangoja. Nikajua ananipa nafasi ya kulisema mwenyewe.

"Tumekula mbegu," nikasema.

Niliyatamka maneno hayo mawili, nikangoja dari iniangukie. Haikuanguka. Mama mmoja alijishika shavu, basi.

"Na hukusema," akasema Bibi.

"Nilikuwa naomba, Bibi. Kila siku nilikuwa naomba."

"Uliomba nini?"

Nikamwambia. Aliketi kwenye kigoda cha mama, akatikisa kichwa kwa muda. "Ulimwomba Mungu awe kufuli," akasema. "Mungu si kufuli, mjukuu wangu. Hata Bwana Yesu kule bustanini, usiku wa mateso yake, aliwaomba rafiki zake wakeshe naye. Walisinzia, ndiyo. Lakini aliwaomba. Wewe ni nani usiyekuwa na hitaji?"

Mficha uchi hazai, wazee walisema. Nilikuwa nimeisikia methali ile tangu utotoni, lakini siku hiyo ndipo iliponisikia yenyewe.

Kisha akaniwekea mkono kichwani, akaomba. Ombi lake lilikuwa fupi, nalo sijawahi kulisahau. Alisema, "Bwana, huyu ni mtoto. Tumemwona analea watoto, tukasahau kwamba naye ni mtoto. Utusamehe. Mpokee kama mtoto." Ni hayo tu. Hakuomba viazi. Hakuomba baba mdogo azuiwe njiani. Mimi nililia kilio ambacho sikuwa nimelia hata siku tuliyomzika mama, na safari hii sikuusingizia moshi. Unajua, mtoto wa kwanza akifiwa na wazazi, hufiwa pia na yule wa kumwita mwanangu. Kila mtu humwita Dada, na neno hilo ni zito kulibeba bila kupokewa. Jioni ile nilipopiga magoti na kusema "Baba yetu", kwa mara ya kwanza nililisema kama mtoto.

Jumamosi iliyofuata watu walikuja na majembe, wakafanya mgowe, ile kazi ya kusaidiana ambayo mwenye shamba huwapa wenzake kinywaji. Mimi sikuwa na kinywaji. Mzee Kastori alikuja na togwa lake mwenyewe, akasema, "Nimejiletea, nisije nikafungiwa nje tena." Kila nyumba ilileta kindoo kimoja cha sado cha mbegu. Hawakuwa na nyingi, maana sakitu haikuchagua mabonde. Tuliinua matuta, tukapanda, na mvua ikaja siku ya nne.

Baba mdogo alifika wiki mbili baadaye, na Festo alimkimbilia kwa hofu zaidi kuliko furaha. Alitembea shambani, mikono nyuma. Akachimba kwa kidole kwenye tuta moja, akatazama, akafukia. Akachimba kwingine. "Mbona huku nyekundu, kule nyeupe? Mama yenu hakuwa na mbegu ya namna hii."

Ningeweza kusema uongo mdogo. Nikasema, "Ya mama tuliila, Baba. Hii ni ya jumuiya."

Aliufuta udongo kidoleni mwake polepole, hadi Neema akanishika sketi. Kisha akasema, "Nilikuja kuona kama unaweza peke yako. Kumbe nilikuja kuuliza swali baya." Alikula nasi uji, na jioni akapanda gari la kurudi Makambako. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu.

Sitaki kukudanganya kwamba baada ya hapo maisha yalikuwa laini. Tulishinda na njaa miaka mingine. Shule sikurudi. Festo alikua, akaenda Makambako kwa hiari yake, anatengeneza malori pale njia panda kwenye ule upepo usiochoka. Neema ni muuguzi, yuko mbali. Bibi Anyesi tulimzika zamani. Mimi nimebaki na nyumba, sikuolewa, na zipo jioni ninapochambua mboga ya watu watatu kabla ya kukumbuka kwamba niko mmoja. Upweke upo, mwanangu. Sala haijauondoa. Ila ninapopiga magoti siko nao peke yangu, na nikisimama nakuta nina nguvu ya kuwasha moto tena. Hiyo ndiyo riziki ninayopewa, nayo hunitosha hadi kesho.

Neema hunipigia simu kila Alhamisi, jumuiya ikishaondoka. Hasemi hujambo. Huuliza, "Dada, kuna moshi?" Zamani ningejibu hakuna. Siku hizi nasema, "Leo upo kidogo." Basi huomba palepale kwenye simu, yeye kule na mimi huku, mpaka tuseme amina kwa pamoja.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiomba, usiombe kufichwa. Mwambie Mungu jambo lako kwa jina lake, na akikuletea watu mlangoni, hata watu wa kukutania, usiwazuie. Uimara niliosifiwa nao ulikuwa njaa iliyovaa nguo za Jumapili. Uimara wa kweli niliupata siku niliyosema nina hitaji. Na kama umeshajifunga na huwezi kujifungua, usikate tamaa. Tafuta upenyo chini ya mlango, hata uwe mdogo kiasi gani, uusukume ufunguo.

Bwana akuitikie unapoita, mwanangu. Akupe watu wasioondoka kwenye manyunyu. Mbegu yako isiliwe, na ikiliwa, kilima kizima kikuletee nyekundu na nyeupe. Na siku utakapolia jikoni, asikosekane wa kukuuliza kama kweli ni moshi. Amina.