Mlango wa Nanyuki Ulioenda Tetu

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya uthamini pale Nyeri nilifika nimevaa viatu vya visigino. Mthamini wa Wilaya, mkuu wangu wa kwanza, alivitazama, akaitazama ngazi iliyoegemezwa ukutani, kisha akaniuliza kama nimekuja kazini au harusini. Kabla ya saa ya chai nilikuwa nimejikunja chini ya mabati ya nyumba ya serikali, peku, tochi mdomoni, nikitafuta mchwa. Nyinyi vijana mkisikia mthamini mnafikiri ni mtu wa kukaa na kalamu. Sisi tulitambaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ikitaka kununua nyumba haimwulizi mwenyewe bei ikalipa. Humtuma mthamini akaseme nyumba ina thamani gani. Tulipima vyumba, tukagonga plasta kwa vidole kusikia kama imeachana na jiwe, tukafungua kila mfereji. Lakini jambo ambalo mkuu wangu alinikazania kuliko yote ni vitu vya kudumu, yaani chochote kilichoshikana na nyumba kwa msumari, skrubu au saruji. Vikishathaminiwa, huenda na nyumba.

"Kitanda ni ya mtu," aliniambia. "Mlango ni ya nyumba. Usichanganye hizo mbili."

Nilichukulia hayo kama maneno ya mzee anayependa kusikika, mpaka nilipohamishiwa upande wa Kianyaga. Huko mkulima mmoja wa kahawa aliiuzia serikali nyumba nzuri ya kukaa ofisa wa kilimo. Siku ya makabidhiano tulifika na ofisa mwenyewe, mkewe na mizigo yao, tukakuta mashimo. Sinki lilikuwa limeng'olewa, madirisha hayapo, na milango yote imekwenda kwa shemeji yake. Mkulima alituambia kwa upole kabisa kwamba yeye aliuza nyumba, hakuuza milango. Mkuu wangu wa huko, mama mmoja asiyecheka ovyo, aliniambia nimeiletea serikali pango, maana sikuwa nimeandika mlango hata mmoja. Tangu siku hiyo nikawa mkali. Nilihesabu bawaba kwa mkono, hata wenzangu wakaniita Mama Bawaba, na jina likanifuata hadi kustaafu.

Nawaeleza haya ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani nilipotumwa Nanyuki, nikiwa nimebakiza muda mfupi kazini. Nyumba za ndani ya kambi zilikuwa zimejaa, na jeshi lilihitaji nyumba nje kwa ajili ya askari wenye familia. Mojawapo ilikuwa ya Mzee Wahome, ukingoni mwa mji. Ilikuwa nyumba ya mawe, imara, yenye maji na ua mzuri. Mzee alikuwa na mguu mbovu, na ndugu zake wote walikuwa Tetu. Alitaka kurudi huko kwenye shamba la babake, ajenge nyumba ndogo, apate watu wa kumtazama uzeeni.

Mkewe, Mama Kariuki, alinipa chai. Nilipofika kwenye mlango wa mbele, wa mbao za mtarakwa, mzito, nilimwona akipangusa kitasa kwa ncha ya leso ingawa kilikuwa safi. Mzee alinisindikiza hadi langoni, akanieleza. Mtoto wao wa pekee, Kariuki, alikuwa askari. Alipelekwa kazini mpakani na hakurudi. Wenzake waliofariki waliletwa wakazikwa. Yeye hakuletwa, wala chochote chake. Jeshi liliwaambia wamhesabu kuwa amefariki. Mzee alikubali. Mama Kariuki hakukubali.

Kwa vile nyumba ilikaa kwenye ardhi ya kilimo, mauzo yalihitaji ruhusa ya bodi ya ardhi, kile kikao cha wazee na maofisa kinachoamua kama shamba liuzwe. Bodi haimsikilizi mume peke yake. Mke husimama akasema kwa kinywa chake. Nimeona mauzo makubwa yakifia hapo kwa sababu ya mama mmoja kutikisa kichwa, na kusema kweli nilifurahi kila mara.

Siku hiyo mwenyekiti alimwuliza Mama Kariuki kama amekubali. Alisimama, mkoba wake ameukumbatia, akamgeukia kapteni wa jeshi aliyehusika na nyumba.

"Mkiingia, mtabadilisha kufuli ya mlango?"

"Lazima, Mama," alisema kapteni. "Nyumba ikikuwa ya jeshi, kufuli zote zinabadilishwa. Hiyo sheria siwezi kuvunja."

"Basi sikubali. Kijana yangu alienda na ufunguo."

Mzee Wahome aliinamisha kichwa, na sikujua nimwonee nani huruma zaidi, yeye au mkewe. Mwenyekiti akaahirisha shauri hadi kikao kilichofuata.

Nikiwa njiani kurudi Nyeri, tulipopita Naro Moru, wazo lilinijia, nikalikasirikia. Kitu cha kudumu huenda na nyumba, ndiyo, isipokuwa kimetolewa kwenye uthamini waziwazi, pande zote zikijua. Kesho yake nikaenda kwa Mthamini wa Kaunti, kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kugonga plasta, nikamwomba tuuondoe mlango wa mbele kwenye thamani na jeshi liweke wake. Alicheka hadi akavua miwani. Aliuliza ni tangu lini Mama Bawaba akataka muuzaji aondoke na mlango. Kisha akaniona usoni, akaacha kucheka, na akatia sahihi.

Kikao cha pili nilisimama mimi. Nilimweleza Mama Kariuki kwamba mlango, fremu na kitasa chake vitaenda naye Tetu, na ufunguo wa Kariuki utafungua nyumba ya wazazi wake vilevile. Naye akasimama.

"Na akikuja Nanyuki kwanza?" aliuliza. "Atajaribu ufunguo, ikatae. Atafikiria tulimtupa."

Kapteni, ambaye tangu mwanzo alikaa amenyooka kama yuko paredi, aliinama mbele.

"Mama, hiyo niachie. Atakayeishi hapo ataambiwa, na akihama ataambia mwenye anaingia."

"Basi nimekubali," alisema, akaketi.

Fundi alipoung'oa mlango nilishika skrubu mwenyewe, nikazitia mkobani mwangu zisipotee. Mlango ulilazwa kwenye pikapu juu ya magodoro. Mama Kariuki alikaa mbele na dereva, lakini njia nzima alitazama nyuma, na mimi niliyewafuata na gari la ofisi nililia bila kujificha.

Sasa nimestaafu, na huwatembelea Tetu mara kwa mara. Mlango ni mkubwa kuliko nyumba. Fundi alilazimika kuinua ukuta. Mama Kariuki akienda kuchuma majani chai huufunga, hata kama mumewe yumo ndani, na Mzee hulalamika kwamba alistaafu akafungwa jela. Mkewe husema kitasa kisipotumika hushika kutu. Mkuu wangu wa kwanza alisema kweli, mlango ni wa nyumba. Na mkiingia kazi hii mshikilie hivyohivyo, maana wakulima wa Kianyaga bado wapo.

Majuzi nilikuwa Nanyuki, nikapita kuiona ile nyumba. Kapteni alihamishwa zamani, na familia zimepokezana humo kiasi kwamba sikumjua yeyote. Nilibisha kwenye mlango mpya wa chuma. Akafungua mama kijana, mke wa askari, mtoto mgongoni, sura ya kutaka kuniuliza ninauza nini. Kisha akaona funguo za gari mkononi mwangu, na uso wake ukabadilika kabla sijasema jina langu.

"Wewe ni wa kwa kina Kariuki?" aliuliza. "Kama ufunguo imekataa, usijali. Hamkutupwa. Mlango yenu iko Tetu. Ingia ukunywe chai, halafu nikuonyeshe njia."