Sahani ya Pili Mezani kwa Balozi

Taa za mgahawa zimeshawashwa, ingawa nje bado kuna mwanga. Balozi anapita meza baada ya meza akinyoosha vitambaa vyeupe ambavyo, kwa macho yangu, vimenyooka tayari. Mgeni wa kwanza anaingia, mwanamume mwenye mkoba wa kompyuta. Yuko peke yake.

Balozi anamvutia kiti, anainama kidogo, kisha anamuuliza kwa sauti ya chini, "Sahani hii ya pili, niiache au niiondoe?"

Mgeni anaitazama kidogo. "Iache tu," anasema.

Swali hilo halikuwepo zamani. Aliyelileta ni Balozi mwenyewe, na halikumjia kirahisi.

Balozi si balozi. Ni mhudumu wa mgahawa wa Kiitaliano, ghorofa ya juu ya hoteli kubwa, ambako chupa moja ya mvinyo inaweza kumeza kodi ya chumba chake ya mwezi mzima. Jina amepewa na wenzake kwa sababu ya mwendo wake.

"Hata akibeba vyombo vichafu utadhani anakwenda kusaini mkataba," anacheka mpishi wa tambi, mama mmoja mwenye unga hadi kwenye kope.

Amezeekea humu. Vijana wote wa zamu amewafundisha yeye, na somo la kwanza lilikuwa hili: mgeni akija peke yake, ondoa vyombo vya pili kabla hajakaa vizuri.

"Ili asikodolee macho kiti kitupu," ananieleza. "Nilidhani ni huruma."

Hoteli ina desturi yake. Kila mwaka mfanyakazi mmoja huchaguliwa aje kula kama mgeni, yeye na mtu wake mmoja. Mwaka huu zamu ilimwangukia Balozi. Mkewe alishafariki, kwa hiyo akamwalika binti yake wa pekee, anayeishi mji huohuo lakini wanaonana kwa nadra.

"Akaniambia, 'Nitajitahidi, baba.' Nikanunua shati jipya."

Siku ikafika. Akakaa upande wa meza ambao hajawahi kuukalia, mikono hajui aiweke wapi. Akasubiri mpaka mkate ukapoa. Kisha msichana wa zamu, mwanafunzi wake mwenyewe, akaja taratibu, akaondoa sahani ya pili, uma na bilauri, bila kelele, kama alivyofundishwa.

"Alifanya vizuri kabisa," anasema Balozi. "Singeweza kumlaumu. Lakini niliona kama wamemwondoa mwanangu. Nikainuka, nikashuka kwa ngazi za nyuma. Sikula."

Kesho yake alimpigia binti simu. Binti hakumzungusha kwa maneno.

"Aliniambia, 'Baba, kila jioni mimi na mama tulikuwekea sahani. Wewe ulikuwa unawawekea watu wengine. Mpaka siku moja mama akaacha kuiweka.'"

Balozi hakujitetea. Kazi hiyo ndiyo iliyomlipia binti ada, na jioni ndiyo saa ya kazi yenyewe. Kila mmoja ana haki yake, na hilo ndilo linalouma.

Siku hizi chumbani kwake anakula amesimama, karibu na jiko. "Nikikaa peke yangu najihisi kama mgeni aliyesahauliwa na mhudumu," anatania, kisha yeye mwenyewe hacheki.

Meneja amemwambia chakula chake bado kipo. Balozi amemwalika binti tena, Jumapili hii. Safari hii binti hakusema atajitahidi. Alisema, "Nitaona."

"Asipokuja je?" namuuliza.

Balozi anachukua kitambaa, anaifuta bilauri ambayo tayari inang'aa.

"Safari hii sitaondoka. Nitakula kila kitu, polepole," anasema. "Na yule msichana nimeshamwambia: sahani ya mwanangu isiguswe, hata kama watu wote wameondoka na mnataka kufunga."