Ng'ombe wa Ukurasa wa Kwanza

Kwetu Kaisho kila mtu anajua kwamba niliondoka na ndala miguuni, nikarudi na stashahada ya usanifu na uchapaji. Sikushikwa mkono na mjomba wala mbunge. Nyumba yenye geti la chuma kando ya barabara kubwa ni yangu. Vitabu vya picha wanavyosomewa watoto wa darasa la awali kuanzia Kamuli hadi Ihanda, michoro yake ni ya mkono huu.

Ninachojivunia zaidi ni kile kinachoeleza kazi za zamani za kwetu. Nilichora mlima wetu mmoja, uleule kila ukurasa. Mwanzoni ni nyasi tupu, ng'ombe wa pembe ndefu na mchungaji aliyeegemea fimbo. Kisha inaingia migomba, inaingia kahawa, ng'ombe wanapungua. Mwisho ni mabati na pikipiki, hakuna ng'ombe hata mmoja. Mchungaji yule ni baba yangu. Nilimchora nikiwa mbali, kwa kumbukumbu tu.

Niliporudi nilikuta akili yake imeanza kupotea. Kila asubuhi alichukua fimbo akatoka kuwachunga ng'ombe tuliowauza zamani, malisho yalipokwisha. Alipita katikati ya barabara, malori yakimpigia honi. Dada yangu, aliyebaki naye miaka yote, alikuwa amekonda kwa kumkimbilia.

"Kaka msomi," aliniambia, "hiyo diploma yako haina somo la mzee anayetoroka?"

Nilimjibu kwamba ninalo. Nilimketisha baba barazani na kitabu changu, nimwonyeshe kwa picha kwamba kazi ile imekwisha.

"Shikamoo, Tata," nilimwamkia baba.

"Marahaba, bwana mifugo."

Cheo hicho alinipa siku niliyorudi, nadhani kwa sababu ya miwani yangu. Sijakizoea.

Ukurasa wa kwanza aliwatambua wote. Yule mwekundu, yule mwenye baka usoni, yule mkorofi. Alicheka. Nikafunua.

"Wengine wako wapi?"

"Waliondoka, Tata. Mambo yamebadilika. Ona, hapa sasa ni kahawa."

Nikafunua tena, na tena. Kwenye ukurasa wa mwisho alinikamata kola ya shati, yeye ambaye hakunipiga hata utotoni.

"Nilikukabidhi mlima umejaa," alisema. "Umewapeleka wapi?"

Dada alikuwa mlangoni. "Hongera, mwalimu. Jana alitafuta wawili watatu. Leo anatafuta zizi zima."

Nikazipaka gundi kurasa zote zilizofuata ule wa kwanza, kikabaki kitabu cha ukurasa mmoja. Kilifanya kazi. Baba alishinda barazani, kitabu magotini, fimbo mkononi, akichunga. Dada akaweza kujilaza mchana. Mimi nikaanza kuwasimulia watu kanisani jinsi nilivyompatia dawa.

Kisha kiangazi kikakaza.

"Hawajanywa," baba alisema, kidole juu ya ng'ombe wa kitabuni.

Sikuwa nimechora maji. Nilikimbilia kalamu ya bluu, nikachora birika la kunyweshea palepale mbele yake, kwa mkono huu unaosifiwa wilaya mbili. Alingoja. Aliwatazama kwa muda mrefu.

"Hawainamishi vichwa," alisema, akasimama kwenda kuwatafutia maji.

Nikawahi geti, nikalifunga kwa kufuli.

Tangu siku hiyo anasimama pale toka asubuhi, akigonga chuma kwa fimbo. Hatukani. Ananiomba kwa adabu, kama mtu aliyefika ofisini kwa mkubwa: "Bwana mifugo, nifungulie, nakuomba. Wanyama watanifia mikononi." Chakula hagusi. Anasema hawezi kula huku wao wana kiu.

"Mfungulie," dada anasema.

"Gari litamgonga."

"Na hapo atakufa amesimama. Chagua wewe, ndiye mwenye nyumba."

Nimejaribu kutembea naye hadi kijitoni. Alipofika akakuta maji hayana ng'ombe, akalia kwa sauti hadi wanawake waliokuwa wakifua wakaacha nguo zao. Sitarudia.

Ninaandika haya nikiwa sebuleni. Fimbo inagonga, malori yanapita. Ufunguo uko mfukoni mwangu, na sijui niufanyie nini.