Kava Jipya la Dashibodi ya Baba

Jamani, nipeni pole kwanza, ndiyo mcheke.

Leo nimeshinda ndani ya Landrova ya baba, iliyonizidi umri. Kichwa chini ya usukani, miguu nje ya mlango.

Kesho tunamfuata bibi harusi Bungu, na kava la dashibodi lilikuwa limepasuka mpaka sponji linachungulia. Aibu! Nikaagiza jipya Dar, likaja kwa basi.

Skrubu zimeshika kutu, moja imenichuna kidole. Kava halikai. Nimelisukuma, nimelibembeleza, mwisho nimelipiga makofi.

Likakaa!

Baba kaja, kalipapasa. "Mashallah."

Nikavimba kichwa, nikaenda kuoga.

Narudi, namkuta karudishia lile bovu. JUU ya jipya! Kalifunga na mpira wa baiskeli.

"Baba, nini tena?"

"Unalijua jua la Kibiti wewe? Litalipasua hili jipya. La zamani lishapasuka, halina hasara."

(Wenye makochi yenye nailoni mpaka leo, najua mko upande wake. Semeni tu.)

Mama akapita na ndoo, akachungulia dirishani mwa gari.

"Mwanangu, jua linazama. Hiyo kazi unaianza saa ngapi?"