Pale Alipochekea Getruda

Hellen Masele hulipwa kwa kutazama. Katika kiwanda cha samaki anakofanya kazi, husimama mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake, minofu ya sangara ikipita mmoja baada ya mwingine, naye hutafuta mfupa uliosahaulika, doa la damu, au mdudu mdogo asiyeonekana na mtu mwenye haraka. Kazi hiyo imemharibu macho kwa namna yake. Akiwa kanisani huona kifungo kilichoshonewa uzi wa rangi nyingine. Akikaa mezani na watu hujua nani ameacha kula na nani anajifanya kula.

Lakini kulikuwa na jambo moja nyumbani kwao Kiseke alilolitazama tangu utoto bila kulielewa. Mama yake alikuwa akicheka mahali pasipochekesha.

Ilikuwa hivi. Familia yao ilikuwa na deki moja ya video na kanda moja ya maana. Waliiita "ile ya bata". Ilikuwa sinema ya Kizungu ya kuchekesha, ya familia moja inayoishi kwenye theluji. Bibi anakuja kula Krismasi kwa wanawe, naye amebeba bata bukini mzima wa kuchinjwa. Watoto wa nyumba wanampenda yule bata, wanamficha, na baba yao anazunguka nyumba nzima na kisu mkononi akimtafuta. Bata anakaa kwenye beseni la kuogea, chini ya kitanda, mpaka ndani ya kabati la nguo za harusi. Kila Krismasi, baada ya misa na baada ya pilau, watoto wa Masele waliiwasha na kucheka pale pale walipocheka mwaka uliopita.

Mama yao, Getruda, hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Alikuwa fundi wa masweta ya shule. Mashine yake ya kufuma ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na mlio wake wa kwenda na kurudi ndio uliowaamsha watoto asubuhi. Hata siku ya sikukuu aliketi na mikono yake ikitafuta kitu cha kushika. Bata akianguka kwenye beseni, alitabasamu tu. Baba wa kwenye sinema akiteleza na kisu chake, aliguna. Kisha ilifika sehemu moja ndogo kabisa: bibi anaingia sebuleni, anaweka sahani ya biskuti mezani, anapapasa kifuani akitafuta miwani. Basi. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyesema neno. Hapo ndipo Getruda alipocheka mpaka mabega yakatikisika.

Na kulikuwa na la pili. Kabla tu ya bibi kuingia na sahani, baba yao angenyanyuka. Masele alikuwa fundi bomba, mtu mkimya ambaye angeweza kumaliza chakula chote bila kusema zaidi ya "chumvi". Angesema, "Ngoja nikaangalie mkaa," akatoka uani, na asirudi mpaka bata yuko kabatini. Mkaa wenyewe ulikuwa umeshazimika zamani, maana chakula kilikuwa kimeliwa.

Hellen alijaribu kila njia. Akiwa darasa la nne alidhani ni sweta la yule bibi, pengine limefumwa vibaya, na mama yake kama fundi ameona kosa. Alirudisha kanda nyuma akalichunguza. Lilikuwa sweta zuri. Mdogo wake Mashimba alishikilia kwamba ni mbwa anayepita mlangoni. Walimziba yule mbwa kwa daftari lililowekwa juu ya kioo, na mama yao akacheka vilevile. Mwaka mmoja Hellen alimuuliza waziwazi.

"Mama, unacheka nini?"

"Nacheka sinema."

"Hapo hakuna kitu."

"Basi nimecheka hakuna kitu," alijibu Getruda, akaenda kuosha vyombo.

Deki iliharibika Hellen akiwa sekondari, na fundi aliyeifungua hakuirudisha ikiwa nzima. Kanda ikaingia ndani ya sanduku la nguo. Watoto wakakua. Mashimba akapata kazi Dodoma. Masele akafariki, na siku ya msiba wazee wawili kutoka Mirongo walisimama kando ya jeneza wakimwita "Sweta wetu". Hellen hakushangaa. Tangu utotoni alisikia baba yake akiitwa Sweta na watu wa Mirongo, naye alijua sababu, au alidhani anaijua. Mume wa fundi masweta ataitwa nini kingine?

Mwaka huu, wiki chache kabla ya Krismasi, alikuwa akimsaidia mama yake kutafuta shuka, akaikuta ile kanda. Aliipeleka mjini kwa fundi mmoja wa Mirongo anayehamisha kanda za harusi kwenda kwenye flashi. Fundi alimwambia kwamba picha imefifia lakini ipo yote. Hellen hakumwambia mama yake. Alitaka kuona.

Siku ya Krismasi walikuwa na mgeni. Dorotea alikuwa rafiki wa Getruda tangu usichana, wakifunzwa kufuma katika chumba kimoja. Aliolewa Misungwi na kukaa huko miaka yote, akilima mpunga, na ziara zake Mwanza zilikuwa za misiba na harusi. Safari hii alikuja kusalimia tu.

"Shikamoo, mama mkubwa," Hellen alimpokea mkoba.

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa, Mungu asifiwe."

Baada ya chakula Hellen alichomeka flashi kwenye televisheni. Theluji ikajaa kwenye kioo, wimbo wa mwanzo ukaanza, na Getruda akaacha kukunja kitambaa alichokuwa akikunja.

"Umeitoa wapi hii?"

"Sandukuni. Nizime?"

Getruda alikiweka kitambaa mapajani. "Acha," alisema.

Dorotea aliinama mbele, akakunja uso. "Hii naijua," alisema. "Huyu bibi namjua. Si ana bata huyu?"

Waliitazama. Ilikuwa imechakaa, mistari ikipita juu ya nyuso za watu, na Hellen alishangaa jinsi nyumba ile iliyokuwa kubwa utotoni mwake ilivyokuwa ndogo na ya kawaida. Bata alianguka kwenye beseni. Baba aliteleza. Hellen aliacha kutazama televisheni akamtazama mama yake, kama anavyotazama mnofu juu ya kioo, maana alijua wakati unakaribia.

Bibi aliingia na sahani. Getruda hakucheka. Alikuwa amegeuza uso kuelekea mlango wa uani, mikono yake imetulia mapajani, na akabaki hivyo.

Aliyecheka ni Dorotea. Aliangua kicheko kikubwa, akajipiga goti, akachukua ncha ya kitenge kujifuta macho. Bibi wa kwenye sinema alikuwa bado anapapasa miwani.

Hellen alisimamisha picha hapo hapo.

"Mama mkubwa, unacheka nini?"

"Si hapa mafuta yalipokwisha?" Dorotea alisema huku akihema. "Hapa hapa. Bibi ana sahani, halafu giza."

"Mafuta gani?"

Dorotea alimgeukia Getruda. Kicheko kikampungua. "Hukuwahi kuwaambia watoto?"

"Baba yao aliniomba nisiseme," alisema Getruda. Kisha akapumua kwa nguvu, akavuta kiti karibu. "Lakini sasa hayupo wa kuona haya. Waambie wewe. Mimi nitakosea, nitacheka au nitalia."

Basi Dorotea akaeleza. Ilikuwa zamani, Hellen hajazaliwa. Getruda alikuwa msichana anayefuma kwa mashine ya mtu mwingine katika kibaraza kimoja Mirongo. Akaja kijana fundi bomba na sweta la bluu lililochanika kiwiko. Akarekebishiwa. Baada ya siku chache akarudi, limechanika pindo. Akarekebishiwa. Akarudi tena, limechanika mgongoni, pakubwa.

"Mwanza hii," alisema Dorotea. "Jua linapasua mawe, na mtu ana sweta. Tukimuuliza anasema linamkinga na maji ya mabomba."

Siku ya Krismasi yule kijana, Masele, alijipa moyo akamwalika Getruda kwenye ukumbi wa video. Mama yake Getruda alikubali kwa sharti kwamba Dorotea aende pia. Ukumbi ulikuwa chumba kirefu, madirisha yamezibwa kwa magunia ingawa ni alasiri, watu wamebanana kwenye mabenchi. Jenereta lilikuwa nyuma ya ukuta, likinguruma kama mashine ya kusaga. Mtu akitaka kusema na jirani yake ilimbidi apige kelele sikioni.

"Na baba yako, aliyekuwa hawezi kusema neno mbele ya mtu, akaona hapa ndipo pa kusemea," Dorotea aliendelea. "Kelele ile, nani atasikia? Akamwinamia mama yako. Mimi niko upande wa pili, naona mdomo unakwenda lakini sisikii kitu. Ghafla jenereta likazima. Mafuta yamekwisha. Giza, kimya kabisa. Na katika kimya kile sauti ya baba yako, kwa nguvu zake zote: 'Lile sweta nalichana mwenyewe kwa kisu, Getruda, ili nipate sababu ya kuja!'"

Hellen alifunika mdomo kwa kiganja.

"Ukumbi mzima," alisema Getruda taratibu. "Watu wazima, watoto, mwenye ukumbi. Walicheka mpaka magunia yakadondoka dirishani."

"Na wewe ulisema nini?"

"Ningesema nini? Nilitaka ardhi inimeze. Kisha mzee mmoja wa mbele akasema, 'Binti, mjibu mwenzio, tusikae gizani bure.' Wote wakanyamaza kunisikiliza." Getruda alinyoosha kitambaa gotini. "Nikamwambia, 'Lete lingine, hilo limekwisha.'"

Dorotea alianza kucheka upya, na safari hii Getruda alicheka naye. Hellen aliwatazama, kisha maswali yakamjia kwa mkupuo, kama samaki wanavyomwagwa mezani asubuhi.

"Ulikuwa unajua kwamba analichana?"

"Tangu mara ya kwanza. Sweta likichakaa, uzi hukonda kwanza ndipo ukakatika. Ule ulikuwa mnene mpaka mwisho."

"Mbona hukumwambia?"

"Nilitaka kujua ataendelea mpaka lini," alisema Getruda, bila aibu yoyote.

"Ndiyo maana wakamwita Sweta."

"Kuanzia siku hiyo hiyo. Alitoka ukumbini akiitwa Masele, alipofika barabarani alikuwa Sweta."

"Lakini mtu anayeona haya kiasi hicho, kwa nini akanunua kanda?"

Hapo Getruda alifikiri. Alisema ukumbi ulipofungwa, mwenye ukumbi aliuza kanda zake zote, na Masele alirudi nyumbani na hii moja kabla hawajawa hata na deki. Ilikaa kabatini muda mrefu. Alipomuuliza, alijibu kwamba anataka siku moja ajue mwisho wake, maana siku ile watu walitawanyika bila kuuona. Walipopata deki, kila mwaka aliketi vizuri, akatazama vizuri, na pale pale miguu ikamwinua.

"Kwa nini alikataza tusiambiwe?"

"Alisema watoto wakijua baba yao alichana sweta lake kwa makusudi, watachana ya shule. Na mimi ndiye ninayeyafuma."

Hellen alichukua simu ampigie Mashimba, akakuta haipatikani, akaiweka chini. Dorotea alikuwa amekwisha kusogeza kiti chake hadi karibu na televisheni.

"Washa, mwanangu," alisema. "Nami sijawahi kuona mbele ya hapa. Nimewasimulia watu wa Misungwi miaka yote hii kwamba bata aliliwa."

Waliitazama mpaka mwisho. Baba wa kwenye sinema alifungua kabati, akamkuta bata amelala juu ya gauni la harusi, akakaa chini na kisu chake, akachoka. Familia ikala viazi vya kuchemsha, bata akiwa chini ya meza. Dorotea hakuridhika.

"Viazi tu? Krismasi nzima?"

"Ndiyo mwisho wake," alisema Getruda.

"Hao watoto wamedekezwa. Mimi nitaendelea kusema aliliwa."

Kesho yake asubuhi Hellen alimsindikiza Dorotea kupanda gari la Misungwi. Walitembea polepole, kwa kuwa Dorotea alikuwa na goti linalomsumbua, na Hellen alikuwa na jambo lililomkosesha usingizi.

"Mama mkubwa, baada ya siku ile, walioana lini?"

"Kuoana? Si karibuni." Dorotea alisimama kupumzisha goti. "Watu walidhani harusi ni Pasaka. Baba yako alituma wazee, mama yako akawarudisha kwa heshima. Alitaka kwanza awe na mashine yake mwenyewe, asiolewe akiwa anafuma kwa mashine ya mtu. Wazee walikasirika. Yule kijana alimfuata kibarazani, anamuuliza kwa sauti ndogo, mimi nasikia, 'Sasa mimi nifanye nini?' Mama yako hakuinua hata macho. Akamwambia, 'Aliyeweza kuchana sweta mara tatu anaweza kusubiri.'"

"Akasubiri?"

"Alikuja kila Jumamosi, akakaa kwenye benchi pale nje, akiwa na sweta lake mkononi. Zima, halina hata tundu. Tukimuuliza anataka nini, anasema ameleta lipumzike."

Hellen alicheka katikati ya barabara, watu wawili waliokuwa wakipita wakageuka kutazama nini kinachekesha. Hawakuona kitu. Dorotea alimshika mkono, wakaendelea na safari, na kabla hawajafika stendi Hellen alikuwa ameanza kuuliza juu ya lile benchi: lilikuwa upande gani wa kibaraza, na kama mama yake, akiwa kwenye mashine, aliweza kumwona aliyekaa pale.