Sindano ya Njaa Katika Wodi ya Watoto

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja ya Muyinga, Mkuu wa maabara hakuniruhusu hata kuikaribia damu. Alinipa ndoo, sabuni na rundo la mirija ya kioo, akaniambia nioshe. Nilikuwa na cheti changu kwenye pochi, koti jeupe nimelipiga pasi tangu jana yake, nikitegemea angalau kuonyeshwa hadubini. Nikaosha mpaka adhuhuri. Alipokuja kukagua aliinua mrija mmoja kwenye mwanga, akaunusa, akasema, "Bon. We unaosha vizuri. Kesho utaosha tena." Nilikasirika sana, sifichi.

Nilikuwa nimekulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, na Kiswahili changu kiliwachekesha wenzangu. Kila nilipofungua mdomo walinyamazishana: "Sikilizeni, Redio inasoma habari." Jina la Redio likanikaa mpaka leo, na wapo watu Gitega wasiojua kwamba nina jina lingine. Mkuu wa maabara hakunicheka, lakini pia hakunionea huruma. Somo lake lilikuwa moja tu: kosa la maabara huanza kabla damu haijafika maabara. Mgonjwa amekula? Amekunywa dawa gani? Amekimbia ili awahi foleni? "Mashine haina shida," alikuwa akisema. "Mashine inapima ile mumeipa. We uliza mtu kwanza." Ninyi vijana mnaobonyeza kitufe na kusubiri karatasi itoke, sisi tuligombezwa kwa hayo kila siku.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Gitega, kwenye utafiti wa watoto wasiokua. Uliongozwa na mama mmoja, bingwa wa magonjwa ya watoto, ambaye sote tulimwita Daktari Mtafiti. Alikuwa mpole wa sauti na mkali wa saa. Ukichelewa hakufoka, alikaa kimya akitazama mkono wake wenye saa mpaka wewe mwenyewe utamani ardhi ipasuke.

Nieleze kazi yenyewe, maana wengi huisikia kwa majina yake tu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, haizidi punje ya harage, iitwayo pituitari. Ndiyo hutoa homoni ya ukuaji, lakini huitoa kwa vipindi. Ukichukua damu mara moja tu unaweza kuikuta imepumzika, ukadhani imekufa. Kwa hiyo lazima uichokoze. Sisi tuliichokoza kwa peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, vile vitu vinavyojenga protini. Zipo peptidi zilizotengenezwa maabara kwa kazi hiyo tu, kuiambia pituitari itoe homoni. Tulimchoma mtoto kwenye mshipa, kisha tukachukua damu kila baada ya robo saa. Damu tuliizungusha kwenye mashine, tukatenga seramu, yale maji ya manjano yanayobaki juu, tukapima humo. Homoni ikipanda, tezi ni nzima. Isipopanda, tezi ina kasoro, na huyo ndiye mtoto ambaye utafiti ungempa homoni yenyewe kwa sindano, kila jioni, mpaka amalize kukua. Nje ya utafiti ule hapakuwa na mzazi wa kawaida aliyeweza kuipata dawa ile.

Peptidi zile zina mambo yake mwilini. Mtoto husikia joto usoni, wengine hutoka jasho kidogo. Kubwa zaidi ni njaa. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni yake ya kuuarifu ubongo, na peptidi hizi hupitia mlango uleule, kwa hiyo ubongo huamini kuna njaa kali. Na wakati huohuo mtoto hatakiwi kula tangu jioni ya jana mpaka damu ya mwisho, kwa sababu sukari ikipanda kwenye damu huweza kuizuia homoni ya ukuaji isitoke. Tulikuwa tunachukua watoto wenye njaa na kuwachoma sindano ya kuwaongezea njaa. Vilio vyao viliniumiza moyo, na sikuwahi kuvizoea.

Chumba maalumu hatukuwa nacho, tulifanyia kipimo katika wodi ya watoto. Anayezijua hospitali zetu anajua chakula hakitoki jikoni kwa hospitali. Kila mgonjwa ana garde-malade wake, ndugu anayemuuguza, anayempikia nyuma ya jengo na kuingia na sufuria. Na kwetu mtu hafunui sufuria mtoto akimtazama bila kumpakulia, awe wake au wa jirani. Hilo tulilijua wote, kuanzia Daktari Mtafiti mpaka mfagiaji, na hakuna aliyelifikiria.

Zaituni alikuwa binti wa Rajabu, fundi cherehani wa mjini Gitega. Alikuwa na umri wa kuingia darasa la tano na kimo cha mtoto wa chekechea. Akili zake zilikuwa kali, aliniuliza jina la kila chombo nilichoshika. Mama yake alikuwa amejifungua karibuni, kwa hiyo baba ndiye aliyemuuguza. Kitanda cha jirani kilikuwa cha Mama Daniel, mkulima wa Itaba, ambaye mwanawe alilazwa kwa homa ya mapafu. Siku ya kipimo mimi mwenyewe ndiye niliyemchoma Zaituni, nikawa ninakimbia kati ya kitanda chake na maabara kwenda kuzungusha mirija. Rajabu alitoka kidogo kuchukua shuka nyumbani.

Homoni haikupanda. Daktari Mtafiti alimwita Rajabu na kumweleza kwamba tezi ya binti haikujibu, kwa hiyo ataingizwa kwenye matibabu. Rajabu alishika kichwa kwa mikono miwili, akalia, akacheka, akatuombea dua sote mpaka tukaona haya.

Kesho yake asubuhi alirudi na beseni la mandazi ya moto na gauni jipya la kitenge. Daktari Mtafiti alikuwa anapita vitandani, mimi nyuma yake na mirija. Rajabu alisimama katikati ya wodi, maana watu wa kwao hawashukuru kwa kunong'ona.

"Docteur, na we Redio, aksanti sana," alisema. "Lakini huyu mama wa Itaba, mi nitamushukuru mpaka nikufe. Mi nilitoka kidogo, mutoto akalia njaa, huyu mama akamupa ugali na maharagi yake. Hatujuane, hatuko dini moja, akamupa tu. Mama, hii gauni ni ya we."

Daktari Mtafiti aligeuka polepole. "Alimpa lini?"

"Ile siku ya masindano, Docteur."

"Mutoto alikuwa analia sana," Mama Daniel alidakia, amefurahi na gauni lake mkononi. "Mi ningekula namna gani? Alikula vizuri, yoo, alimaliza sahani yote!"

Wodi nzima ilicheka isipokuwa sisi wawili. Daktari Mtafiti alimweleza Rajabu hapohapo, kwa utulivu, kwamba kipimo kile hakifai tena, itabidi kirudiwe. Nilimwona Rajabu akielewa.

"Docteur, futa hii maneno," alisema. "Mi sikusema kitu. Hata mama huyu hakusema kitu."

"Rajabu, siwezi kumchoma mtoto miaka yote hiyo bila kujua namchoma kwa nini."

"We unajua! Ulisema jana!"

Hakuna aliyemlaumu Mama Daniel. Tungemlaumu kwa kumlisha mtoto? Shida ilikuwa namna ya kurudia kipimo katika wodi ileile yenye sufuria zilezile. Daktari Mtafiti aliomba chumba cha pembeni, akajibiwa hakuna. Mama Daniel ndiye aliyeikata kesi. "Kama huyu mutoto hawezi kula, hakuna mutu atakula," alisema, na hakuwa anaomba ushauri. Siku ya kurudia, watoto wengine walilishwa mapema nje barazani. Garde-malade wote walifunika sufuria zao, wakaketi vitandani mikono mapajani, wakatutazama kama watu walio kanisani.

Zaituni alilia kwa ile njaa ya sindano mpaka sauti ikakauka. Mama Daniel alimpakata, akampepea na upindo wa kitenge. Rajabu alisimama mlangoni. Nilijua anachoomba: tezi ya mwanawe inyamaze kama mara ya kwanza. Na mimi, mtumishi wa sayansi mwenye koti jeupe, niliomba hivyohivyo kila nilipovuta damu.

Haikunyamaza. Tulipimia kwenye sahani yenye vishimo, ambamo rangi hukolea kadiri homoni inavyozidi, na vishimo vya Zaituni vilikolea kupita tunavyoweza kusoma. Ilibidi tuzimue seramu na kupima upya. Daktari Mtafiti alimwita Rajabu na kumweleza. Tezi ilikuwa nzima, alisema, tena inapiga kelele. Mwili ndio hausikii. Kila homoni hupokelewa na kipokezi chake mwilini, na vya Zaituni vilizaliwa na kasoro. Kumwongezea homoni ileile aliyojaa nayo kusingemsaidia kitu.

Rajabu alisikiliza mpaka mwisho. "Munasema vile sababu hamutaki kutoa dawa," alijibu, akaenda kukusanya shuka huku akilia.

Zaituni alinivuta koti. "Redio, nimefaulu?"

"Umefaulu," nikamwambia.

"Basi sababu gani baba analia?"

Nilimwambia ale, na wanawake wakafunua sufuria zote kwa pamoja.

Utafiti uliisha, Daktari Mtafiti akahamia kwingine, mimi nikabaki Gitega mpaka nilipostaafu. Kazi ile naipenda bado. Siku hizi vijana wa kunyanyua vyuma huniletea vichupa walivyoagiza kwa simu. "Redio, si ndiyo ile peptidi yenu? Inajenga misuli." Huwauliza ndani kuna nini, wananisomea karatasi ya nje. Ndugu zangu, sisi tulikuwa na daktari kando ya kitanda, dawa tuliyoijua ilikotoka, na bado sahani ya maharage ilitupotosha. Nyinyi mnajichoma nyuma ya duka, hamjui kipimo wala kilichomo. Sukari inaweza kuwapanda, miguu ikavimba, na hayo ya baadaye sana hata wenye utafiti bado wanayatafuta. Wengine hunisikiliza. Wengine huniambia mambo yangu ni ya zamani.

Mwezi wa kwanza wa kustaafu nilikwenda kwa Rajabu kushonewa gauni. Tulikuwa tumesalimiana njiani miaka yote hiyo, salamu za kupita tu. Zaituni ndiye aliyekaa kwenye cherehani, mwanamke mzima sasa, amepigiliwa mbao juu ya pedali ili miguu ifike, na wateja walikuwa wanangoja yeye, si baba yake. Rajabu aliweka mkasi mezani.

"Sasa hauko na koti," aliniambia. "Hakuna mutu anakulipa juu ya kuniambia kitu. Nambie ukweli. Kama mi ningefunga mudomo ile siku, mutoto angepewa dawa?"

"Angepewa."

"Na angekuwa murefu?"

"Hapana, Rajabu. Angechomwa kila jioni miaka yote, na asingerefuka. Dawa ile mwili wake usingeisikia."

Alinitazama usoni akitafuta uongo. Kisha akaketi juu ya majora ya vitambaa, mzee yule, mabega yakamshuka. "Mi nilisema ni mudomo yangu," alisema. "Miaka hii yote nilisema ni mudomo yangu ilimuacha mufupi."

Cherehani ikasimama. "Baba," Zaituni alisema, "hii yote ulikuwa unaibeba peke yako?"

Rajabu alijifuta macho kwa kipande cha bitana, akachukua utepe wa kupimia, akanizungushia mabegani. "Aksanti, Redio," akasema. Nililipokea kama neno la kawaida. Zaituni ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani na kuniambia kwamba tangu siku ile ya mandazi wodini, hakuwa amemsikia baba yake akimshukuru mtu yeyote kwa sauti.