Barua Arobaini na Moja

Kiwandani walimwita Bwana Saini, na jina lenyewe alikuwa amelifanyia kazi. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha magunia, na hakuna aliyetoka mlangoni pake na hata msumari mmoja bila kusaini. Meneja mwenyewe aliwahi kwenda kuchukua balbu ya ofisini akazuiwa: "Saini kwanza, bosi." Watu walicheka, lakini stoo ile haikupotelewa na kitu. Mkewe alizoea kumtania kwamba hata siku ya harusi alimkagua kwanza ndipo akampokea.

Nyuma ya kiwanda, ng'ambo ya mfereji wa maji machafu, kampuni iliwagawia wafanyakazi viwanja. Kila mmoja alipewa barua yenye mhuri na saini ya meneja, ikisema kiwanja ni chake na cha watoto wake. Wakajenga polepole, chumba baada ya chumba, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, mpaka zikasimama nyumba arobaini na moja. Bwana Saini alijenga karibu na mfereji. Jirani yake alikuwa fundi cherehani, mjane wa rafiki yake mkubwa aliyekuwa fundi wa mitambo, na wao wawili waliitana shemeji.

Mwaka mfereji ulipofurika, maji yaliingia vyumbani hadi usawa wa vitanda. Watu waliokoa watoto na magodoro, kisha wakazianika barua zao juani kama nepi. Ndipo Bwana Saini alipopata wazo ambalo, Mungu amrehemu, lilikuwa zuri kabisa. Stoo ilikuwa na sefu, kasha la chuma lisiloingiza moto wala maji. Akapita nyumba kwa nyumba akizikusanya zile barua akaziweke huko.

"Shemeji, hutupi hata kikaratasi cha kuonyesha umezichukua?" fundi cherehani alimuuliza.

"Kikaratasi cha nini tena, shemeji? Mimi na nyinyi tuandikiane?"

Ajabu ya binadamu hiyo. Mtu aliyemsainisha bosi wake kwa balbu aliona haya kuandikiana na majirani. Na mazoea yana taabu: kwa kuwa hakuna kitu kilichoingia stoo bila kuandikwa, alifungua daftari la mali ya kampuni, akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri, "Barua za viwanja, 41." Akafunga sefu, akaenda zake nyumbani roho nyeupe.

Miaka sita baadaye kampuni ilifilisika. Mashine zikanyamaza, na akaja mfilisi, mtu mpole wa sauti ya chini, kukusanya kila kilichokuwepo ili kiuzwe. Bwana Saini alimkabidhi funguo, akamwomba zile barua.

"Mzee wangu, kwa sasa siwezi kutoa hata kalamu," mfilisi alimjibu. "Kilichomo humu ni mali ya kampuni mpaka ithibitike vingine."

Bwana Saini alimwelewa. Angekuwa yeye, angejibu vivyo hivyo. Akarudi kuwaambia majirani wasiwe na wasiwasi. Baada ya miezi minne ardhi yote, viwanja na nyumba zao juu yake, iliuzwa kwa mtu aliyetaka kujenga maghala. Wakaenda mahakamani, na shahidi wao mkuu akawa yeye. Alipiga pasi shati lake jeupe kwa mkono wake mwenyewe.

Wakili wa mnunuzi wala hakumfokea.

"Mzee, barua hizi zilikutwa wapi?"

"Ndani ya sefu."

"Sefu ya nani?"

"Ya kampuni."

"Na mwandiko huu ni wa nani?"

Bwana Saini alivaa miwani, ingawa alishautambua tangu mbali. "Wangu."

"Tusomee kichwa cha daftari."

"Mali ya kampuni," akasoma.

"Kuna yeyote aliyesaini kuchukua barua yake?"

"Lakini walinipa wao! Nilipita nyumba kwa nyumba!"

"Saini, mzee. Ipo au haipo?"

"Haipo."

Meneja aliyezitoa barua zile alikuwa amekwisha kufa. Hakimu akaamua kwamba hakuna ushahidi kuwa ziliwahi kutoka mikononi mwa kampuni, kwamba wakazi walikaa pale kwa hisani tu, na mauzo ni halali. Wakapewa siku tisini wahame.

Kilichomtesa zaidi ni upole wa watu. Alipita tena nyumba kwa nyumba, safari hii kuomba radhi, na kila mlango ulimfariji. "Ndiyo majaliwa, mzee." "Ulitutakia mema." Mkewe naye hakumlaumu, alikunja nguo tu na kuzipanga kwenye masanduku. Bwana Saini akakonda. Alitamani apatikane mtu mmoja, mmoja tu, amtukane.

Kwa fundi cherehani alichelewa kwenda, kwa woga, mpaka zikabaki siku chache. Mama yule alisimamisha cherehani yake, akamtazama.

"Umenimaliza, shemeji. Marehemu alibeba mchanga wa nyumba hii kichwani. Nilikuomba kikaratasi, ukaniona sina akili."

"Nisamehe, shemeji."

"Leo sina cha kukusamehe nacho. Njoo kesho uniezulie bati, maana sina mtu."

Akaenda. Kwa siku mbili alikuwa juu ya paa, magoti yakimuuma, aking'oa misumari mmoja mmoja ili mabati yasichanike. Mama aliyapokea chini. Hawakusemezana ila "shika" na "nimeshika." Bati la mwisho lilikuwa la chumba cha kulala. Lilipotoka, jua liliingia mpaka pale kitanda kilipokuwa, pale mumewe alipokata roho, na mama akakaa kwenye sakafu palepale akalia kwa sauti. Bwana Saini alibaki juu ya ukuta, hajui ashuke au asubiri, machozi yakimtiririka naye.

Mwishowe mama alijifuta uso kwa pindo la gauni.

"Basi, shemeji. Shuka, usije ukaanguka. Nenda kaezue ya kwako."

Akashuka, akaokota nyundo, akaenda kwa mkewe, ambaye alikuwa ameshatoa kila kitu nje.